Mguu Usiopakwa Rangi

Siku ya chai ya kuniaga, meneja alipomaliza hotuba yake, ambayo ilidumu kuliko mandazi, Guyo, kijana niliyemfundisha kazi, aliniuliza mbele ya watu wote swali ambalo nimelikwepa miaka mingi. Kwa nini kila mwaka tunaupaka rangi mnara wa tangi la maji, lakini pale mguu wa upande wa barabara unapokutana na fremu ya juu tunaacha chuma kitupu na kukipaka grisi tu? Wengine wenu mlidhani rangi huwa inaisha. Wengine mlidhani ni ushirikina wa sisi Waturkana. Nilimwambia Guyo anywe soda yake kabla haijapata joto. Nilikuwa nalia kidogo wakati huo, na sikutaka hadithi ile itoke pamoja na makamasi.

Sasa niko nyumbani, nimenunua daftari, na mgongo umeacha kulalamika. Nitawaandikia nyinyi mnaobaki karakana vile nilivyojifunza kuchomelea chuma, na nikifika kwenye ule mguu nitasimama hapo. Vyeo sitavihesabu, maana kila nilichopewa kilikuja na kazi zaidi na funguo zaidi za kupoteza. Mshahara nao tuuache upumzike, haukuwahi kuwa na nguvu nyingi.

Niliajiriwa kupalilia vitunguu. Shamba lilikuwa hili hili, nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande wa kuelekea Leparua, ila wakati huo mabomba ya matone yalikuwa bado hayajafika na maji tulikuwa tukiyavuta kwa trela. Tulikuwa wanawake wengi, kila mmoja na jembe lake dogo, tumeinama tangu asubuhi hadi jua linapolegea. Watu huniuliza kama nilikuwa na ndoto ya kuwa fundi. Sikuwa na ndoto yoyote. Nilikuwa na mgongo unaouma, na nilikuwa nimeona kwamba fundi hufanya kazi akiwa amesimama. Baadaye niligundua kwamba fundi hufanya kazi akiwa amelala chali chini ya trela, kutu ikimwangukia mdomoni, lakini kufikia hapo nilikuwa nimeshaipenda kazi.

Fundi mwenyewe alikuwa Mzee Warsame. Alitoka katika zile familia za Kisomali ambazo babu zao walikuwa askari wa mkoloni, wakaachiliwa jeshini wakakaa hapa Isiolo, wakaingia kwenye biashara na malori. Baba yake alikuwa na malori, na yeye alikulia chini ya malori. Alikuwa mrefu, mwembamba, ndevu amezipaka hina, na kila kitu kilipovunjika shambani aliitwa kutoka mjini, akaja na pikapu yenye mashine ya kuchomelea nyuma. Mashine ile ilitengenezwa kwa mikono hapo hapo mjini, ndani ya debe kubwa lililojaa mafuta, na mkono wa kushikia rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka, ulikuwa umefungwa mpira wa baiskeli. Ilikuwa ikinguruma kama mtu mwenye njaa. Niliiogopa kuliko fisi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa siku ya soko la mifugo. Wanaume wote wa shamba walikuwa wamepata ruhusa kwenda mjini kuangalia bei, na hapo ndipo chuma cha kuvutia trela la maji kilipovunjika. Meneja wa wakati huo, Bwana Mutuma, alikuja hadi ukingo wa vitunguu akapiga kelele, "Mmoja wenu aje ashikilie chuma huku!" Mimi ndiye niliyekuwa karibu.

"Salaam aleikum," Mzee akasema, kisha akaona msalaba shingoni mwangu. "Haya, habari yako mama. Shika hiyo chuma, usitingishe. Na usiangalie moto."

Niliangalia moto. Nani asingeangalia? Ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi na mweupe kuliko kitu chochote nilichowahi kuona, na nyuma yake vyuma viwili vilikuwa vinayeyuka na kuwa kimoja. Nilishangaa hadi nikasahau kupepesa. Kulala sikulala siku hiyo, macho yalijaa mchanga ambao haukuwepo, na mume wangu alidhani nimerogwa. Asubuhi Mzee alirudi kumalizia kazi, akanikuta macho yamevimba.

"Uliangalia?"

"Niliangalia."

"Kila mtu huangalia. Kata kiazi, weka kwa macho, ulale."

Kiazi kilisaidia. Siku hizi nadhani kilichosaidia ni kulala na macho yakiwa yamefungwa, na kazi ya kiazi ilikuwa kunizuia nisiyafungue. Nyinyi mna kofia nzuri za kioo, zivaeni.

Alipokuja mara ya pili nilikwenda kushika chuma bila kuitwa. Mara ya tatu nilimuuliza kama naweza kujaribu. Alinitazama kwa muda. Macho yake yalikuwa yameanza kupata ukungu, mtoto wa jicho, na alikuwa akimtazama mtu kama anayemtafuta.

"Kwa nini unataka hii kazi?"

"Mgongo, Mzee."

Alicheka hadi akakohoa. "Wallahi hiyo ni sababu ya ukweli. Wengine wote wananidanganya."

Sasa, kulikuwa na tatizo. Kumfundisha mtu kuchomelea, unamshika mkono ili ajue mwendo, na Mzee Warsame hakuwa akishika mkono wa mwanamke asiye wa nyumbani kwake. Alikuwa na fimbo yake ya kutembelea, basi akanifundisha kwa fimbo. Rodi ikienda juu sana, fimbo inagonga kiwiko kutoka juu. Nikikimbia, fimbo inalala mbele ya mkono kama kizuizi cha polisi. Na kwa kuwa macho yake hayakuona vizuri, alikuwa ananisikiliza. "Usinionyeshe. Wacha nisikie. Ikilia kama nyirinyiri kwa sufuria, hiyo iko sawa. Ikipiga piga kama mvua kwa mabati, umeenda mbali." Nyirinyiri mnaijua, ile nyama inayokatwa vipande vidogo na kukaangwa polepole. Mpaka leo nikisikia mtu anakaanga nyirinyiri mkono wangu unajinyoosha wenyewe.

Alivunja kila kitu nilichokiunga. Alikuwa akikifunga kwenye jiliwa, kile chuma cha kubana, anapiga nyundo moja, kinapasuka, ananirudishia vipande viwili. Mchana nilikuwa kwenye vitunguu, na akija nilikuwa nyuma ya karakana nikiunga vyuma vya takataka ili avivunje. Sketi zangu zilijaa matundu ya cheche kama chujio. Mama yangu alikuwa bado na sketi yake ya ngozi ya mbuzi, ile ya zamani, ameitundika ukutani. Nilimwomba, nikaigeuza kuwa aproni. Hakuna cheche iliyowahi kuipita. Wenzangu wa kanisani walisema nimerudi ushenzini, na mume wa mmoja wao alipotaka geti, alinijia mimi.

Kipande cha kwanza ambacho hakikuvunjika kilikuwa bawaba ya mlango wa banda la kuku. Mzee alipiga mara moja, akapiga tena, akapiga mara ya tatu. Akakifungua kwenye jiliwa akakitia mfukoni mwa kanzu yake, akaenda nacho. Sikujua alikipeleka wapi.

Kabla sijafika kwenye mnara lazima niwaeleze desturi zake mbili, la sivyo hamtaelewa kilichotokea.

Ya kwanza ilikuwa ya kukaa. Mzee Warsame alisema aliyechomelea ndiye anayekaa chini ya kazi yake siku ya kwanza ya mzigo. Akiunga lori, wakishalipakia, anatandika mkeka chini yake na kulala hapo dakika kumi. Akitengeneza daraja la mtaro, lori la kwanza linapopita yeye yuko chini kwenye mtaro. Hakuna karatasi iliyomlazimisha. Aliwahi kuniambia kwamba kuna mafundi wengi wazuri mjini, lakini ukiwaambia walale chini ya kazi yao wengi wanakumbuka wameacha kitu nyumbani.

Ya pili ilikuwa ya maziwa. Chuma chenye zinki, kama mabomba ya maji, kikiungua hutoa moshi mweupe unaokaba kifua, na mafundi wote wa Isiolo waliamini kwamba ukinywa maziwa kifua kinasafishika. Mzee alikuwa akiletewa maziwa ya ngamia kutoka upande wa Kulamawe, kwenye mtungi mdogo wa plastiki uliofukizwa moshi, na hakuna kazi iliyoanza kabla mtungi haujafika. Daktari aliniambia baadaye kwamba maziwa hayafanyi chochote, nisage ile zinki kwanza na nisimame upande upepo unakotoka. Sageni zinki. Maziwa kunyweni kwa sababu ni matamu.

Ulifika mwaka wa kiangazi kikali. Mto ulikauka, mifugo ikaja kutoka kila upande, na mwenye shamba akakubali kitu cha busara, kwamba kisima chetu cha pampu kijaze tangi jipya la lita elfu kumi, na bomba moja litoke nje ya ua hadi kwenye hori la kunyweshea, ili wafugaji wapate maji bila kukata ua. Tangi lilihitaji mnara. Bwana Mutuma alimwita Mzee Warsame. Mzee alipapasa vyuma, akapima kwa mikono, akasema, "Mimi kuona mshono siwezi tena. Huyu mama atachomelea. Mimi nitakaa hapa nisikie."

"Huyu wa vitunguu?" Bwana Mutuma akauliza.

"Huyu fundi."

Hakuna aliyewahi kuniita hivyo. Nilijifanya natafuta brashi ya waya, kwa sababu nilikuwa na furaha ambayo haikufaa kuonekana.

Nilichomelea siku nne. Mzee alikaa kivulini na tasbihi yake, anasikiliza, mara kwa mara anasema "rudi" au "polepole". Siku ya nne ulibaki ungio wa mwisho, mguu wa upande wa barabara, kule juu kwenye fremu inayobeba tangi. Mzee aliondoka kwenda kuswali. Nilifungua sanduku la vifaa nichukue pakiti ya mwisho ya rodi, na humo ndani kulikuwa na mafuriko.

Mimi mwenyewe ndiye niliyeweka mtungi wa maziwa mle asubuhi, kwa sababu sanduku lilikuwa ndio mahali pekee penye kivuli cha uhakika. Maziwa ya ngamia yakikaa kwenye joto huchacha, yanakuwa yale wanayoyaita susa, na yakichacha yanasukuma kifuniko. Kifuniko kilikuwa kimetoka. Rodi zote zilikuwa zimelala kwenye maziwa.

Rodi ina ganda la unga mgumu kwa nje, na ganda lile likilowa rodi imekwisha. Nililijua hilo. Lakini sikuwa na usafiri wa kwenda mjini, Bwana Mutuma alikuwa ameshasema hatanunua pakiti nyingine, na nje ya ua watu walikuwa wameanza kufika na punda na mitungi kwa sababu walisikia maji yanafunguliwa kesho. Na pia, mtu kumwaga maziwa wakati wa kiangazi, wakati watoto wa wengine hawana, ni aibu ambayo sikutaka kuisema kwa sauti. Nilizipangusa rodi kwa leso yangu, nikazianika juu ya bati la moto hadi zikakauka na kuwa na ukoko mweupe, nikapanda juu.

Hazikulia kama nyirinyiri. Zililia kama mtu anayekoroma. Nilipogonga magamba yatoke, mshono ulikuwa umejaa vitundu vidogo vidogo, kama anjera, ile chapati laini ya Kisomali, inapogeuzwa upande wa juu. Nikapitisha mshono mwingine juu yake, nao ukawa hivyo hivyo. Basi nikachukua ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu nikapaka mara tatu. Ilionekana vizuri sana. Nawaambia ukweli, ulikuwa ndio ungio mzuri kuliko yote kwa mtu anayeutazama kutoka chini.

Mzee aliporudi alisimama karibu na mnara kwa muda. Aliuliza, "Umemaliza?" Nikasema nimemaliza. "Maziwa iko?" Nikasema yamemwagika, samahani. Akasema haye, yaani sawa, akaenda nyumbani.

Siku iliyofuata nje ya ua kulikuwa na umati. Mbuzi, punda, wanawake wenye mitungi, wazee waliokalia vigoda vyao. Walikuwa wametoka Leparua na mbali zaidi. Tangi lilikuwa limeshapandishwa. Nilikuwa nimejiandaa kukaa chini yake, na nilikuwa nimejiambia usiku kucha kwamba miguu mitatu mizuri itaubeba wa nne, na kwamba mishono mingi mibaya duniani imeshika miaka mingi. Mimi kukaa, ningekaa. Nilikuwa nimeamua kwamba mnara ukianguka basi uniangukie na mambo yaishe.

Lakini Mzee Warsame alifika na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai. "Leo anakaa mkubwa," akasema. Akakikunjua kiti chini ya mnara, akajaribu huku na huku kama mtu anayetafuta mahali penye upepo, kisha akakisogeza hadi kwenye mguu wa upande wa barabara na kuuegemea kwa mgongo wake wote.

Bwana Mutuma akawasha pampu.

Maji yalianza kuingia kwenye tangi, na sauti yake watu wa nje walipoisikia walipiga vigelegele. Mimi nilisimama pale na glasi ya chai mkononi. Hakuna kilicholia. Hakuna kilichotikisika. Ingekuwa rahisi kama kitu kingelia. Nilifikiria watoto wangu, nikafikiria vitunguu, nikafikiria vile watakavyosema kwamba ndio maana wanawake hawapewi mashine. Nilifikiria haya yote wakati maji yanapanda na yule mzee ananywa chai yake, ametulia, macho meupe yakitazama barabara asiyoiona. Kila ninapokumbuka dakika zile naona haya, kwa sababu zilikuwa nyingi.

Kisha sauti ya maji ikabadilika, ikawa nzito, nikajua tangi linafika nusu. Nilitupa glasi.

"Zimeni! Zimeni pampu! Mzee, toka hapo! Huo mguu ni mbovu!"

Pampu ikazimwa. Mzee Warsame hakukimbia. Alimalizia chai, akafunga chupa, akasimama kwa fimbo yake, akaja taratibu hadi niliposimama.

"Rodi zililowa maziwa," nikasema. "Nilijua. Nikapaka rangi."

"Najua," akasema. "Tangu jana. Mimi macho hapana, lakini pua iko. Susa ikiungua, haifichiki kwa rangi."

Tulifungua maji yaliyokuwemo yateremke kwenye hori, na mifugo iliyokuwa mbele ikanywa. Iliyokuwa nyuma haikupata. Bibi mmoja wa Kiturkana alikuja hadi kwenye waya akaniambia kwa lugha yetu kwamba wanawake wengine hubeba ngakipi, yaani maji, kichwani bila kumwaga, lakini mimi nimepewa mnara wa chuma na bado nimeshindwa kuyashikilia. Bwana Mutuma aliniuliza amesema nini. Nilimwambia anatusalimia.

Tangi lilipoteremshwa tulisaga ile rangi. Mzee aliomba apandishwe ngazi, akapitisha kucha yake juu ya mshono. "Umepika anjera," akasema. Akampa kijana mmoja nyundo kubwa. Pigo la kwanza halikufanya kitu. Pigo la pili, ungio ukafunguka kama ganda la njugu. Bwana Mutuma alitazama ule ufa, akatazama kiti kilichokuwa bado chini yake, akaniambia nirudi kwenye vitunguu na nisiguse mashine tena.

Nilirudi. Sikumlaumu. Asubuhi yake nilikuwa nimeinama kwenye mstari wangu, wenzangu wananihurumia kwa kunyamaza, nikaona kiti cha kukunja kinafunguliwa ukingoni mwa shamba. Mzee Warsame akaketi akaanza kuhesabu tasbihi. Bwana Mutuma akamwendea.

"Mzee, fundi mwingine nimemtafuta mjini. Amekataa. Anasema mnara ni wako."

"Ni kweli ni wangu."

"Basi uumalize. Watu wana kiu."

"Nangoja fundi yangu amalize kupalilia."

"Huyu alitaka kukuua!"

"Hapana. Huyu ndiye alisema. Ungeniletea mwingine angenyamaza, na mimi sina macho ya kuona." Akavuta shanga nyingine. "Hata kesho nitakaa. Hapa kuna upepo mzuri."

Alikaa hadi saa sita. Saa sita Bwana Mutuma alikuja kwenye mstari wangu mwenyewe, hakunitazama usoni, akasema boda boda imetumwa kuleta rodi.

Niliusaga ungio ule hadi chuma kikang'aa, nikauunga upya, nikaongeza bamba la pembetatu kila upande. Rodi ililia kama nyirinyiri mwanzo hadi mwisho. Nilipofungua kopo la rangi, fimbo ikalala juu ya mkono wangu.

"Hapa usipake. Mahali ulificha, wacha paonekane. Grisi inatosha."

Siku ya kujaza nilikaa mimi, mgongo kwenye mguu ule, hadi tangi likafurika na maji yakanimwagikia kichwani. Yule bibi aliyenitukana alinyweshea mbuzi wake, akaja kwenye waya, akanipitishia kibuyu cha maziwa. Hakuomba msamaha, na mimi sikuomba. Niliyanywa yote.

Baada ya hapo kazi zilikuwa nyingi, na nyingi mnazijua. Ndovu walipovunja ua wa upande wa kusini mara tatu kwa mwaka mmoja, ni mimi. Trela la nyasi lililokatika mhimili likiwa limejaa, ni mimi, nikiwa chini yake, na kifua kilichojaa vumbi. Mzigo wa mabomba yaliyokuja yamepinda, ni mimi na Guyo, akiwa bado anashika rodi kama anashika nyoka. Sikumwambia mtu yeyote habari za maziwa. Niliwaambia tu, kila mwaka, pale msipake.

Lakini kuna jambo lilinikaa rohoni. Nilimkasirikia Mzee Warsame. Mwezi mzima nilimkasirikia, hata wakati namshukuru. Ni mtu gani anayejua chuma ni kibovu halafu anakiegemea? Kama alitaka kunipima, si angenipima kwa kumfunga kuku pale chini?

Nilimuuliza miaka mingi baadaye, nyumbani kwake mjini, nilipompelekea sukari na majani ya chai. Alikuwa haoni kabisa, amelala kwenye godoro karibu na dirisha, na sauti imekuwa ndogo. Nilimuuliza, "Mzee, siku ile ya mnara. Ningenyamaza, ungefanya nini?"

"Ningekaa."

"Ungekufa."

"Abayo, dada yangu, nani alimwambia Mutuma wewe unaweza? Ni mimi. Kazi ilikuwa yangu kabla haijakuwa yako." Akajigeuza kunielekea. "Lakini wewe ulichelewa sana. Nilikuwa nimeshamaliza kuomba, nikaanza tena."

Nilicheka, kisha nikalia, na yeye hakuona lakini alisikia. Akanyoosha mkono kwenye kirago chake akatoa kitu akakiweka juu ya godoro kati yetu, ili nikichukue bila mikono yetu kugusana. Ilikuwa ile bawaba ya mlango wa kuku. Alikuwa amekaa nayo miaka yote. Tulimzika kabla ya mwezi kwisha, na mimi nilisimama uani na wanawake wa kwao, leso kichwani, bawaba mfukoni.

Basi Guyo, ndiyo hiyo. Sasa kuna habari nyingine inayokuhusu. Meneja alipotaka fundi kutoka nje ajenge mnara wa tangi la pili, mimi nilimwambia kabla sijatoka, "Guyo anaweza." Nasikia umefika kwenye fremu ya juu, na kwamba wiki ijayo mnajaza maji.

Nitakuja. Kiti nitakibeba mwenyewe, na chai yangu. Sitauliza ni mguu gani, wewe niambie tu mahali nikae. Na kama una neno la kuniambia, Guyo, mwanangu, nakuomba uliseme kabla pampu haijawashwa. Magoti yangu hayana mbio tena, na mimi sijui kuomba kwa haraka kama Mzee Warsame.